Mama yangu sasa ni mzee wa kanisa

Nimetoka ibadani sasa hivi, macho bado mekundu.

Sisi ni Wapresbiteri. Washirika walimpigia mama kura, akapitia mafunzo, na leo akawekewa mikono.

Mchungaji aliwaita wazee wote mbele. Mama akapiga magoti, wakamzunguka, mikono ikajaa kichwani pake mpaka kilemba kikateleza na kumfunika jicho moja. Hakukigusa. Sala ilikuwa ndefu (mnawajua wachungaji wetu), na mimi huku nyuma natamani kukimbia nikamwekee sawa!

Tulipotoka, rafiki akaniuliza: "Sasa mama anaweza kumfukuza mchungaji?"

Nilicheka sana. Hawezi. Mchungaji ndiye mwenyekiti wa baraza la wazee, ila haamui peke yake. Na wazee nao hawana mamlaka ya kumwondoa. Hilo ni la presbiteri, ambako wachungaji na wazee wa makanisa kadhaa hukaa pamoja, kila mmoja na kura yake. Mimi naupenda utaratibu huu, hata kama vikao havina mwisho.

John Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa ambaye utaratibu wetu huu unatokana naye, alipopanga kanisa la Geneva mwaka 1541, aliweka wazee 12 kutoka mabaraza ya mji. Wote wanaume. Angemwona mama leo!

Sasa zinaanza simu za usiku: wagonjwa, wafiwa, wanandoa waliogombana. Baba ameshaanza kununa.

Kwenu wazee wa kanisa huchaguliwaje? Wa maisha au wa muda? Niambieni, nasoma zote.