Masikio ya viboko wa Ikuu

Oktoba 2014 nilikuwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi kwa mafunzo ya vitendo, mwanafunzi wa Mweka, chuo cha wanyamapori, mwenye buti mpya na shati la kaki ambalo mbung'o walilidunga kana kwamba sikuvaa kitu. Asubuhi ile tulipangiwa kuhesabu viboko pale Ikuu. Nikaona kazi rahisi. Mnyama wa zaidi ya tani moja, utamkosaje?

Nikamkosa. Mto Katuma ulikuwa umebaki tope. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471, lakini viboko wa upande ule wote walikuwa wamejazana kwenye dimbwi lisilofikia uwanja wa mpira, maana ngozi ya kiboko isipopata unyevu inapasuka. Walilaliana, kidevu cha huyu juu ya mgongo wa yule, wamejipaka mavi yao wenyewe. Harufu siielezi, huenda unasoma ukiwa mezani. Mamba wao walishajificha kwenye mapango ya kingo za mto kusubiri mvua. Nilihesabu 206. Mwenzangu akapata 171.

"Migongo itawadanganya," alisema afande aliyetusindikiza, bunduki begani. "Hesabuni masikio, mgawanye kwa mbili."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Kumbe masikio ya kiboko hayatulii, anayapigapiga kufukuza nzi, na jicho linayanasa hata katikati ya tope. Safari ya tatu tukapishana kwa wanne tu.

Dume mmoja alikuwa amelala peke yake nje ya dimbwi, ubavu umechanwa kwa meno. Nafasi ikibana, madume hayavumiliani. Naye tulimhesabu, kwa kuwa alikuwa bado anapumua.

"Nilipoanza kazi, mto huu ulikuwa unatiririka mpaka mvua zinarudi," afande alisema. "Maji hayajapotea. Yanaishia huko juu, mashambani." Akanigeukia. "Wewe si wa huku huku? Kwenu wapi?"

"Mpanda, afande."

"Mpanda sehemu gani?"

"Mjini."

Kwetu ni Mwamkulu. Mfereji uliochepushwa kutoka Katuma ulipita nyuma ya jiko la mama, na kabla sijaenda shule ya bweni kazi yangu ya jioni ilikuwa kuufungua kwa jembe, maji yaingie kwenye nyanya za kiangazi. Ada ya Mweka ilitoka kwenye nyanya hizo na magunia ya mpunga. Hata buti.

Usiku nikajaza fomu kwa mwanga wa tochi. Idadi niliiandika bila wasiwasi. Nilipofika kwenye sababu za kukauka kwa maji nilikaa na kalamu muda mrefu, halafu nikaandika: kiangazi kirefu.

Asubuhi afande akaisoma, akaniangalia, akatia saini.