Saruji Juu ya Chokaa

Treni kutoka Miritini, Mombasa, mpaka Syokimau, Nairobi, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500. Teksi ya kutoka Syokimau kuingia mjini ilinila elfu mbili, eti kwa kuwa matone matatu ya mvua yalikuwa yamedondoka. Chumba nilicholala sikisemi. Maji ya moto yalikuwa ya ahadi tu.

Nilialikwa na rafiki yangu mhandisi kutazama jengo la mawe la enzi za mkoloni, linalokarabatiwa na kuongezwa ili lihifadhi nyaraka. Jina lake naliacha. Sakafu ya ofisi huhesabiwa ibebe kama kilo 250 kwa mita ya mraba; rafu za mafaili za kimo cha mita 3 hutaka zaidi ya kilo 700. "Karatasi ni mawe, ndugu yangu," alisema. Basi rafu zinahamia jengo jipya la nyuma, lenye msingi wake peke yake, na katikati pameachwa mwanya. Udongo mweusi wa Nairobi hufura mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka. Ukiyafunga majengo pamoja, moja litalivuta jenzake mpaka lipasuke.

Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua lilikuwa kwa mzee mmoja fundi, aliyekuwa akigonga ukuta kwa nyundo ndogo kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Nikamwamkia shikamoo. Akacheka. "Wewe ni wa Pwani. Njoo usikilize."

Ngo, ngo, ngo. Kisha: bwe.

Akabandua plasta ya saruji, kipande cha ukubwa wa sahani. Jiwe la nyuma lilikuwa limelowa. Nililigusa, likamomonyoka kidoleni kama sukari guru.

"Lilijengwa kwa chokaa, likawa linapumua," alisema. "Akaja mtu akaona chokaa ni mambo ya kizamani, akalivika saruji. Maji yanapanda kutoka chini, hayana pa kutokea. Yanalila jiwe."

Siku ya pili sina la kueleza, ila chai na chapati mbili kwa bei ya wali wa nazi kwetu.

Kurudi, abiria wenzangu walisimama dirishani kutazama tembo wa Tsavo. Mimi kimawazo nilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, kwenye nyumba ya bibi, kuta za matumbawe. Mwaka jana niliitia saruji kwa mikono yangu, mifuko sita, na majirani wakanisifu.

Nikampigia mama. Ukuta wa chooni uko vipi?

"Unatoa jasho tangu Ramadhani, mwanangu. Nikadhani ni joto."