Kioo Kilichobaki Chini

Julai 2019 nilikuwa msimamizi wa mapokezi kwenye gereji moja ya Kizota, Dodoma, brekidauni ilipotuletea Toyota IST kutoka Mbande. Mwenye gari alikuwa mwalimu wa Kibaigwa. Gari lilichemka akiwa njiani kuja mjini, akaongeza maji ya baridi injini ikiwa bado ya moto, na hedi, kile kipande kizito cha juu ya injini, ikapinda. Fundi alipoifungua na kuipima kwa rula na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ilikuwa imepita milimita 0.05, kiwango ambacho injini ya 1NZ haivumilii. Hedi ikapelekwa kusawazishwa, mwalimu akapanda basi kurudi kazini, na gari likabaki kwetu likiwa nusu injini.

Wizi ulifanyika usiku wa tatu.

Saa 12 asubuhi nilikuta mlango wa dereva uko wazi. Redio haipo, swichi kuu ya vioo imeng'olewa mlangoni, betri imechukuliwa, na droo ya dashibodi imening'inia. Nyuma yake, pale inapokaa kontroli boksi, kompyuta inayoongoza injini, zilibaki nyaya zilizokatwa kwa koleo. Hapakuwa na kipande cha kioo kilichovunjika, wala alama ya bisibisi kwenye kitasa. Jambo hilo lilinitia wasiwasi kuliko vitu vilivyoibwa, kwa sababu lilimaanisha mwizi hakuvunja gari. Alilikuta limefunguliwa.

Jinsi lilivyofunguliwa ilijulikana kabla ya chai. Siku gari lilipofika, vijana walilisukuma hadi ndani, na mmoja wao akashusha kioo cha dereva ili ashike usukani huku akitembea nje. Kisha fundi akachomoa terminali ya betri, kama inavyotakiwa kabla ya kufungua hedi. Kioo cha umeme hakipandi bila umeme, kwa hiyo kilibaki chini shubiri mbili kwa siku tatu. Alamu nayo ilikuwa imekufa, na sentro loki vilevile. Kurudisha terminali kwa dakika moja, kupandisha kioo, kufunga milango na kuchomoa tena kungetosha. Hakuna aliyefanya hivyo. Mimi pia nilipita kando ya gari lile mara kadhaa nikiwa na daftari mkononi.

Tulikosea tena asubuhi ileile. Kabla sijafika, kijana wa usafi alikuwa amefagia kulizunguka gari na kulisukuma pembeni kupisha Noah. Mahali pa wizi hapaguswi mpaka polisi waone: nyayo, alama za vidole na mahali gari liliposimama vyote ni ushahidi, na vinamsaidia hata mwenye gereji kama kweli alilinda. Nilipiga picha za kilichobaki, nikampigia mwalimu mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine, nikaenda kituoni kufungua taarifa na kuchukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Afisa aliniuliza mambo matatu: nani alikuwa na funguo, nani alikuwa zamu, na gari lilipokelewa likiwa na nini. La tatu sikuwa na jibu la maandishi. Risiti yetu ilisema tu "IST, kuchemka", na namba ya gari.

Mwalimu alifika mchana, vumbi la Kizota likiwa limemjaa kwenye mtandio. Bosi alimpokea kwa kumwonyesha kibao: gari linalala kwa hatari ya mwenyewe. Kibao kile kilikuwa nyuma ya mlango wa ofisi, na siku ya kwanza mwalimu hakuingia ofisini. Tuliandikishana naye uani.

"Kaka," aliniambia taratibu, "mimi sikuja kulaza gari. Nilikuja kutengenezewa."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Unapomkabidhi mtu gari alitengeneze, unaliweka amana kwake, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mpokeaji wajibu wa kulitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake ya aina hiyo katika mazingira kama hayo. Gereji si kampuni ya bima. Wezi wakivunja ukuta imara, wakamfunga mlinzi kamba na kukata kufuli, mwenye gereji anaweza kusimama na kusema nililinda, na akathibitisha, asilipe. Kwa hiyo swali huwa uangalifu ulikuwaje, na anayetakiwa kueleza ni yule aliyekuwa na gari mikononi, maana mwenye gari alikuwa amelala Kibaigwa, hawezi kujua usiku ule taa ziliwaka au hazikuwaka. Kibao ambacho mteja hakukiona kabla ya kukubaliana hakiwezi kuwa sehemu ya makubaliano. Nilimweleza bosi hivyo, faragha, hakupenda.

Akageukia mlinzi. Babu yule, Mgogo wa makamo ya mwisho, alikuwa akilinda magari 14 peke yake kwa 150,000 kwa mwezi, na bosi alitaka hasara yote ikatwe kwenye mshahara wake mpaka iishe. Hapo nilikataa waziwazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata tu: hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Robo ya 150,000 ni 37,500. Na kosa lenyewe liko wapi? Tulifungua daftari la zamu. Mara mbili mwezi ule babu alikuwa ameniambia, nami nikaandika kwa mkono wangu, kwamba bati moja la uzio upande wa korongo limeng'oka misumari na kwamba taa ya nyuma imeungua. Hakuna aliyeshughulikia. Bati lile ndilo mwizi alilopitia, tulilikuta limekunjwa.

Ukurasa huo ulimwokoa babu na kutufunga sisi. Bosi aliusoma, akaufunga, akaufungua tena. Nilidhani ataniomba niuchane. Hakuniomba, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema tu, "Mwite mwalimu tupige hesabu."

Kwanza tuliuliza bima. Mwalimu alikuwa na bima ndogo, ile ya lazima, ambayo hulipa madhara unayowasababishia watu wengine na haigusi wizi wa gari lako. Angekuwa na bima kubwa angetoa taarifa mapema pamoja na RB, na hata hapo ingebidi asome kipengele cha vifaa, kwa sababu kuibwa gari zima na kuibwa redio si lazima vilipwe sawa. Kampuni ikishamlipa mteja, huja kuidai gereji yenyewe. Sisi hatukuwa na bima ya magari ya wateja. Kwa hiyo hela ilikuwa itoke mfukoni.

Kontroli boksi ndiyo iliyotusumbua zaidi. Lebo yake, inayoanza na 89661, ilikuwa imeondoka nayo, na hatukuwa na picha yake. Tulitafuta kwa namba ya chasisi: NCP61, injini ya 1NZ ya lita 1.5, otomatiki, ya kuvuta matairi mawili. Ya kwanza iliyoletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam ilitoka kwenye NCP60 yenye injini ya 2NZ ya lita 1.3, tukairudisha bila kuifunga, siku tatu zikapotea. Ya pili ilikuwa yenyewe. IST hii haikuwa na imobilaiza, kinga ya wizi inayotambua funguo. Ingekuwa nayo, boksi ya gari jingine isingewasha injini mpaka ipatanishwe na funguo. Pia ilibidi muuzaji akate soketi na mikia ya nyaya ya urefu wa sentimita 15 hivi, fundi umeme aziunganishe rangi kwa rangi kwa kulehemu risasi na kuvalisha mipira ya kubana. Nyaya za kontroli boksi zikisokotwa na kuzungushiwa utepe tu, muunganisho hulegea kwa mtikisiko, taarifa za sensa zinakatika, na mteja anarudi mwezi unaofuata gari likizima barabarani.

Hesabu ilikaa hivi: boksi 350,000, soketi na kazi ya umeme 100,000, redio iliyotumika kama ile ya mwanzo 150,000, swichi 45,000. Betri tulibishania. Mpya ilikuwa 120,000, lakini iliyoibwa ilikuwa na miaka miwili, na fidia ni ya kitu kilichopotea, si ya kumfanya mtu apate kizuri zaidi. Wakakubaliana gereji itoe 60,000 na mwalimu aongeze 60,000. Jumla kwa gereji: 705,000.

Kisha mwalimu akataja pochi. Ilikuwa chini ya kiti, na ndani 280,000 za ada ya mtoto. Nilimwamini, na niliumia kwa ajili yake, lakini hapo sikuweza kumtetea. Tairi la akiba na jeki, anayepokea gari anajua vimo hata asipoambiwa. Pesa iliyofichwa chini ya kiti hakuikubali wala hakupata nafasi ya kuitunza. Mwalimu alinyamaza muda mrefu, akasema, "Sawa. Hiyo ni yangu."

Kazi ya hedi, 410,000, aliilipa yote. Sheria inampa fundi haki ya kushikilia gari mpaka alipwe kazi aliyoifanya, na bosi alitamani kuitumia kama fimbo siku ile ya kwanza, lakini kushikilia gari la mtu uliyempotezea vifaa ni kutafuta kesi. Tuliandika makubaliano kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala mbili, namba ya RB juu, kila kifaa na thamani yake, mashahidi wawili. Karatasi kama hiyo haimzuii mtu kwenda mahakamani, ila akienda, hakimu anakuta kila upande ulikubali nini.

Siku ya kumi na moja gari lilikuwa tayari. Bati lilikuwa limepigwa misumari, taa imewekwa, na mimi nilikuwa na fomu mpya ya mapokezi ya ukurasa mmoja: kilomita, kiasi cha mafuta, namba ya chasisi, lebo ya kontroli boksi na picha yake, redio, betri, tairi la akiba, jeki, vitu vya mteja vilivyotolewa ndani mbele yake, nani ameshika funguo. Nilimpa mwalimu aisome wakati injini ikipata moto. Aliisoma yote kama anayesahihisha daftari, akaniomba kalamu, na chini ya mstari wa betri akaandika: vioo vyote vimepandishwa kabla ya terminali kuchomolewa.