Mshale wa Kila Nyumba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kuomba. Nimepiga magoti mara tatu, na kila mara naona uso wa kaka yangu. Tangu Desemba hatusemezani, kwa ajili ya mpaka wa shamba alilotuachia mzee. Hatua nne tu za udongo! Jumuiya imekutana kwake mara mbili. Mara zote nikasema nina kazi, nikatuma sadaka kwa simu.

Nikiwa katika hali hiyo nikawa nasoma habari za Watibeti na milima yao, nikakutana na jambo lililonichoma. Huko Amdo, kaskazini-mashariki mwa nyanda za juu za Tibet, vijiji vina milima yao, na kila mlima una mungu wake anayelinda eneo lile. Ulio maarufu kuliko yote ni Amnye Machen, mita 6,282, kilele cheupe kwa theluji. "Amnye" kwa lahaja yao ni babu. Mlima wanauita babu! Sisi hatuabudu mlima, na Zaburi ya 121 mnaijua, msaada wetu u katika nani. Lakini sikilizeni wanavyomwendea huyo babu.

Juu ya milima hiyo ya vijiji kuna labtse, rundo la mawe lililosimikwa mishale ya miti mirefu kumzidi mtu, mikiani ina vibao vya rangi mfano wa manyoya. Siku yake ikifika, kila nyumba huleta mshale wake. Wanaume hupanda asubuhi na mapema, wengine kwa farasi, wengine siku hizi kwa pikipiki. Huwasha matawi ya mti wa jamii moja na mtarakwa wetu, wakitia unga wa shayiri iliyokaangwa, siagi na maziwa, mpaka moshi mweupe unapanda. Hurusha vikaratasi vyenye picha ya farasi, upepo ukavichukua, nao wakipaza sauti: "Lha gyalo!" Yaani, miungu imeshinda. Kwenye milima hiyo kuwinda na kukata miti ni mwiko. Ni nyumba ya mkubwa. Kisha mishale yote husimama pamoja, ikazungushiwa kamba ya sufu.

Hapo kwenye kamba ndipo Roho aliponishika. Mshale wa mwenye mifugo mingi na wa asiye na kitu, wa huyu na wa jirani waliyegombea naye malisho, yote katika rundo moja. Nyumba isiyoleta, pengo lake linaonekana.

Na sisi je, wapendwa? Sisi tunaye aliyeziumba mbingu na nchi, aliyeisimamisha hata hiyo Amnye Machen. Alitufunga pamoja kwa damu ya Mwanawe, si kwa sufu. Halafu tunachomoa mshale mmoja mmoja kimyakimya! Dada, umemnunia mwenzako wa kwaya kwa sababu ya sare, ni mwezi wa pili sasa, na Jumapili mnaimba sauti moja. Mzee wa kanisa, unatoka kabla ya baraka usije ukapeana mkono na mtu fulani. Bwana alisema iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende, upatane kwanza na ndugu yako. Mimi yangu niliituma, nikabaki nyumbani na kinyongo changu, nikashangaa maombi hayapandi. Tusidanganyane. Mungu hapungukiwi shilingi zetu. Anatutaka sisi wenyewe, pamoja na yule tusiyetaka kumtazama usoni.

Jana nilimpigia mke wa kaka. Nikamuuliza, "Shemeji, jumuiya ya Alhamisi iko kwa nani?"

Akanyamaza kidogo. "Iko kwetu, shemeji. Kaka yako ameuliza kama utakuja."

Simu ilinitetemeka mkononi. Mniombee, wapendwa. Alhamisi saa 11 jioni nitakuwa mlangoni kwake.