Jinsi tulivyokirudisha kibanja cha baba: uzoefu wangu wa mirathi na sheria ya ardhi mkoani Kagera

Baba yetu alipofariki alimwacha mjane, mabinti watupu, na kibanja chenye migomba na mibuni katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muleba. Hakuacha wosia. Matanga yalipokwisha tu, baba mdogo alimuuzia jirani sehemu ya chini ya kibanja, ile yenye mibuni mikubwa, na nilipomwuliza kwa heshima zote alinijibu: "Mwanangu, wewe umeolewa. Shamba la ukoo haliolewi."

Maneno yake yalikuwa na mizizi. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 halimpi mjane fungu la urithi, bali linamwacha atunzwe na watoto wake, na kwa kawaida binti anaruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Hata hivyo, mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililotoka huku huku kwetu Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba mwanamke ana haki ya kuirithi na kuiuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Haya yote nilielezwa bila malipo na msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama mtu mzima anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na bila yeye nisingejua pa kuanzia.

Tulianza na mirathi. Kikao cha ukoo kilikuwa kimempendekeza baba mdogo awe msimamizi, nami nikaweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo, mama akiwa shahidi wangu. Hakimu alimwuliza mama ni nani anayeishi kwenye kibanja na nani anayekipalilia, akamsikiliza na baba mdogo kwa utulivu, kisha akaniteua mimi. Msimamizi hupewa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Namba 5, na hesabu za mgawanyo hufuata kwa Fomu Namba 6. Kazi hiyo ni ya makaratasi tu, lakini isipofanywa uteuzi unaweza kufutwa.

Baada ya uteuzi ndipo nikaenda Baraza la Kata kuhusu ile sehemu iliyouzwa. Zamani baraza hilo liliweza kuamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3, lakini marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka ya kuhukumu na kuliachia usuluhishi peke yake. Likishindwa kupatanisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi pale kijijini waliona kwamba baraza limenyang'anywa meno. Mimi nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa dhati, kwa sababu mnunuzi, ambaye kwa kweli naye alikuwa ametoa fedha zake, asingekubali kuzungumza kama angeogopa kutoka pale ameshindwa mbele ya majirani.

Mnunuzi alileta hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, yenye mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji na majina ya mashahidi wawili, wote wa upande wa baba mdogo. Mmoja wa wajumbe wanawake aliisoma kwa sauti, akauliza muhtasari wa halmashauri ya kijiji ulioidhinisha mauziano hayo uko wapi. Haukuwepo. Mama naye akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba mibuni ile aliipanda yeye na marehemu, akaitaja safu kwa safu hadi kwenye mimea ya milamula inayoonyesha mpaka. Baba mdogo hakubisha. Tulikubaliana kwamba amrudishie mnunuzi fedha zake kwa awamu, na kwamba mnunuzi avune buni ya msimu ule kabla ya kuondoka. Makubaliano yaliandikwa, yakasainiwa na pande zote.

Sasa tumeomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya mama na sisi mabinti kwa pamoja. Kijiji chetu kina cheti cha ardhi ya kijiji, ambacho ni sharti la kwanza, na majirani wa pande zote wamethibitisha mipaka, akiwemo yule mnunuzi. Kwa aliye katika hali kama yetu, ushauri wangu ni kwamba amalize kwanza uteuzi wa msimamizi, kwa maana ardhi ya marehemu haidaiwi na mtu asiye na barua ya mahakama mkononi, hata kama ni mtoto wake wa kuzaa.