Vijiti vya oksidi ya zinki kwenye seli za jua za polima: kesi ni urefu

Kwa hewa hii ya Unguja, achana na ule mpangilio wa kawaida wa seli, wenye PEDOT:PSS (polima inayopitisha umeme) chini na alumini juu. PEDOT:PSS hunywa unyevu, na asidi yake huila ITO, ile oksidi angavu ya indiamu na bati inayopitisha umeme, taratibu. Alumini nayo haikawii kuoza. Geuza: kioo chenye ITO, oksidi ya zinki yenye vijiti, mchanganyiko wa P3HT (polima inayonyonya nuru) na PCBM (molekuli inayopokea elektroni), oksidi ya molibdenamu nanomita 10, juu kabisa fedha nanomita 100.

Nuru ikiipiga polima huzaa eksaitoni, yaani elektroni na tundu lake vilivyoshikana, nayo husafiri kama nanomita 10 tu kabla ya kufa. Anayeivunja ni PCBM. Kazi ya vijiti ni kuipokea elektroni palepale jirani, isihangaike kukata tabaka zima.

Mbegu, yaani tabaka jembamba la oksidi ya zinki ambalo vijiti vitaota juu yake: gramu 1 ya asetati ya zinki, mililita 10 za methoksiethanoli, gramu 0.28 za ethanolamini. Koroga usiku kucha, kisha ifunge chupa vizuri. Wakati wa masika myeyusho ukionekana na ukungu, mwaga. Tandaza juu ya ITO kwa kuzungusha kioo mizunguko 4,000 kwa dakika, oka kwa 200°C saa moja.

Kuotesha vijiti, kioo kikizamishwa: mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, gramu 0.74 za nitrati ya zinki (ile yenye maji sita), gramu 0.35 za heksamini, 90°C. Maji ya kisima hapana, hata yakichemshwa. Yana chokaa na chumvi ya matumbawe yetu. Upande wenye mbegu utazame chini, maana ukitazama juu, unga unaojitunga majini huuangukia.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanataka vijiti virefu. P3HT na PCBM, miligramu 20 za kila kimoja kwa mililita ya diklorobenzini, zikikauka polepole hutoa tabaka la kama nanomita 200. Kijiti kinachotokeza juu yake hugusana na fedha, na seli inapiga shoti. Utaijua: volti iliyotakiwa kufika 0.6 hivi inaporomoka. Anza na dakika 30 za kuotesha, tazama kwa hadubini ya elektroni, ndipo uongeze. Na ukishadondosha myeyusho wa P3HT na PCBM, ungoje dakika nzima kabla ya kuzungusha, uzame baina ya vijiti. Mapovu yakibaki humo ni hasara tupu.

Ziba kwa epoksi na kioo cha pili kabla ya kupima nje. Mstari wa kipimo cha mkondo na volti ukijikunja kama herufi S, usiitupe seli. Iwache juani dakika chache, miale ya urujuanimno iifikie oksidi ya zinki, halafu pima tena.