Alama za Makaa Ukutani

Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilitukuta asubuhi ya Jumapili, watu wengi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakiwa kanisani. Ukubwa wake ulikuwa 5.9. Siku chache baadaye, ardhi ikiwa bado inashtuka usiku na mchana, mimi mwanafunzi wa jiolojia nilipanda mtaa wa Kadutu na daftari, dira na utepe wa kupimia, kuandika nyufa za kuta nyumba kwa nyumba.

Mipasuko ya miamba inayozaa matetemeko katika bonde letu mingi imelala chini ya maji ya Ziwa Kivu, huwezi kwenda kuitazama. Kuta ndizo husimulia mtikisiko ulikuwa mkali wapi, kwenye mwamba au kwenye ule udongo mwekundu wa mtelemko unaoteleza hata bila tetemeko. Kwa hiyo kila ufa nilioukuta niliuandika: upana, urefu, umeelekea wapi. Nilijaza kurasa kumi na moja, nikafurahi.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mama mzee mmoja, ya matofali ya udongo. Ukutani ulipita ufa wa mshazari, kidole kinaingia. Nikainama kupima.

“Huo si wa juzi, mwanangu,” akasema. “Huo ni wa Kalehe.”

Alimaanisha tetemeko la Kalehe, kando ya ziwa, la Oktoba 2002, lenye ukubwa wa 6.2, mwaka uleule volkano ya Nyiragongo ilipounguza mji wa Goma. Akanionyesha mstari wa makaa kwenye ncha ya ufa. Aliuchora mwenyewe wakati ule, apate kujua kama ukuta unaendelea kupasuka. Miaka zaidi ya mitano ufa haukuuvuka. Sasa ulikuwa umeuvuka kwa shubiri nzima, tena mahali papya ulikuwa mwembamba, kingo zake safi, bila vumbi wala utando wa buibui.

“Mama, majirani nao wana alama?”

“Waulize. Wewe umewauliza?”

Sikuwa nimewauliza. Kurasa zile zote zilikuwa zimechanganya matetemeko mawili, na ramani ambayo ingechorwa kwa hesabu zangu ingewaambia watu wa mtaa mmoja wahame na wa mtaa mwingine walale salama, pasipo ukweli. Jasho lilinitoka.

Nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, nikaongeza safu: *ulianza lini?* Yule mama akavaa kandambili, akachukua kipande cha kaa jikoni, tukateremka pamoja hadi nyumba niliyoanzia asubuhi.